Mgeni au Kastoma

Desemba iliyopita rafiki yangu kutoka Nairobi alikuja kukaa nasi Malaba siku nne. Siku ya pili jioni, baada ya kuona mpaka, kuyapiga malori picha na kumaliza rolex mbili, aliniuliza: "Sasa huku kwenu, mtu akitaka mahali padogo tu, patulivu, akae, ale kitu, anywe kitu, apige stori polepole, anaenda wapi?"

Hakuuliza kwa dharau. Miezi michache kabla, siku yangu ya kuzaliwa, alikuwa amenipeleka mahali pa aina hiyo kule Westlands. Meza nane, mishumaa, kuta nyeupe zilizopakwa kama chokaa, chakula cha pwani ya Mediterania, na orodha ya mvinyo ndefu kuliko ya chakula. Weita alituambia sahani zote ni ndogo na zote ni za kugawana. Zikaja zeituni, hummus, pweza wa kuchoma, jibini ya mbuzi iliyomwagiwa asali. Mvinyo ulipofika, alimimina kidogo kwenye glasi ya rafiki yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa analipa. Akaonja, akatikisa kichwa kukubali, ndipo tukamiminiwa wote. "Tunataka mjisikie mko nyumbani," weita alisema. Na kusema ukweli, nilijisikia hivyo. Tulikaa hadi saa tano usiku. Bili ilipokuja, rafiki yangu aliifunika kwa kiganja ili nisiione.

Kwetu deni la chakula halilipwi kwa M-Pesa. Linalipwa kwa chakula. Zamu yangu ilikuwa imefika, na Malaba haina baa ya mvinyo. Ina malori. Ina wanaobadilisha pesa wakiwa na mabunda mkononi, loji za madereva, vibanda vya chapati, na hoteli za meza sita kama ya shangazi yangu, ambapo ugali wa muhogo na wimbi huja na kunde zilizoungwa kwa karanga. Nikafikiri kidogo, halafu nikamwambia avae viatu vya kutembelea. Tukapanda boda hadi boma moja upande wa Amagoro, ambako jirani yetu wa zamani hupika ajon.

Kama hujawahi kuiona, ajon ni pombe ya wimbi ya Wateso. Ng'ambo, upande wa Uganda, wengi huiita malwa. Chungu huwekwa katikati, watu wakakizunguka kwenye viti vifupi, kila mmoja na mrija mrefu wenye kichujio kidogo cha kusukwa kwenye ncha ili makapi yasipite. Maji ya moto huongezwa kila chungu kinapopungua, kwa hiyo huwezi kusema umemaliza glasi yako. Hakuna glasi yako. Kuna chungu, nawe uko ndani ya mzunguko wake au uko nje.

Chungu kina sheria zake. Marehemu babu alinifundisha hata kabla sijaruhusiwa kunywa. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hupulizi mapovu ndani. Ukihisi chafya, toa mrija mdomoni kwanza. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chungu kimoja. Na kubwa kuliko zote: mwenye pombe hunywa kwanza, mbele ya kila mtu, waone ameimeza.

Rafiki yangu alisimama kando akiuangalia ule mzunguko. Akaninong'oneza, "Kila mtu na mrija wake, ama?"

"Ukiwa na bahati," nikamjibu.

Mzee mmoja akamsogezea kiti. Hakumuuliza anaitwa nani wala anafanya kazi wapi. Alimuuliza, "Wewe ni wa nani?" Rafiki yangu, mzaliwa wa Nairobi, mtu ambaye hujibu maswali magumu kazini siku nzima, alinitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikajibu mimi: "Ni wangu." Mzee akaridhika. Mrija ukamfikia.

Tangu jioni ile kuna swali ambalo halijaniacha, nami sidhani ni la Malaba tu. Mahali padogo pa kula panapotuambia tujisikie nyumbani, panatuuzia nini hasa? Na je, kitu hicho kinauzika? Kwa maneno mengine: mtu anayelipia chakula chake anaweza kuwa mgeni, au atabaki kastoma tu?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, mgeni ni mtu aliyekuja kukutembelea, unayemchinjia kuku. Mgeni pia ni yule usiyemjua, aliyetokea usikojua, unayemfungia mlango. Neno moja, nyuso mbili. Wagiriki wa kale walikuwa vilevile: neno lao xenos lilimaanisha mtu wa mbali usiyemjua, na pia mtu mliyefungana naye kwa wajibu wa ukarimu. Nadhani lugha hizi mbili ziliona jambo moja. Mtu anapobisha hodi bado hujui ni mgeni wa aina gani, na mara nyingi jinsi unavyompokea ndiyo itakayoamua.

Hao Wagiriki, ambao chakula chao rafiki yangu alininunulia Westlands, walijua pia kunywa kwa mzunguko. Walichanganya mvinyo na maji kwenye chombo kimoja kikubwa kilichowekwa mbele ya wote, na karamu yao waliiita kwa neno lenye maana ya kunywa pamoja. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Xenophon. Takriban mwaka 400 KK alikuwa akiliongoza jeshi la Wagiriki wakirudi kutoka vita vya Uajemi, katika baridi kali ya milima ya Armenia. Vijijini huko walikuta pombe ya shayiri ndani ya vyombo vikubwa, nafaka zikielea juu, na mirija ya matete ya kufyonzea. Aliandika kwamba ni kali usipoitia maji, na kwamba aliyeizoea huiona tamu sana. Kila nikimfikiria jenerali huyo, mtu wa mvinyo na zeituni, ameinama juu ya chungu na tete mdomoni, naona angeenea kabisa kwenye boma la jirani yetu. Mzee angemuuliza ni wa nani.

Mpakani swali hilo lina uzito wake. Hadi mwaka 1902, nchi yote hii hadi karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda. Kisha Waingereza wakausogeza mstari, na ndugu wa damu wakalala ndugu wakaamka wageni. Wateso wako pande zote mbili, na misiba yao huvuka daraja bila kujali. Hata neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu wa Busia, kutokana na baiskeli zilizobeba watu kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine. Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, ili ukaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni jambo jema. Lakini dirisha la uhamiaji linajua mgeni wa aina moja tu, mwenye karatasi. Mgeni wa chungu hutambuliwa kwa namna nyingine, na hiyo namna ndiyo niliyoisaliti mwaka 2020.

Nieleze.

Machi 2020 vyuo vilifungwa, nikarudi nyumbani kumsaidia shangazi hotelini. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa Mombasa, aliyekuwa akila kwetu tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akipita Malaba kila wiki mbili au tatu, akielekea Kampala au mbali zaidi. Ndiye aliyenifundisha kuamkia shikamoo, maana huku kwetu tunasalimiana tu habari au yoga na kuendelea na safari. Shangazi alimwita "baba" na yeye alimwita shangazi "mama", ingawa walikuwa rika moja. Alikuwa analipa kila mara. Wakati mwingine alilipa baada ya safari mbili. Siku baba yangu alipolazwa, alituachia elfu mbili chini ya sahani na hatukuziona hadi ameondoka.

Mnakumbuka Aprili na Mei ya mwaka ule. Madereva walipimwa mpakani, majibu yakachelewa, na msururu wa malori ukarudi nyuma kilomita nyingi kuelekea Bungoma. Kila jioni redio ilitaja idadi ya madereva waliopatikana na virusi. Mei hiyohiyo Uganda iliamua kwamba madereva wa kigeni hawatahesabiwa tena kwenye takwimu zake. Mjini watu walianza kuvuka barabara wakimwona mtu ameshuka kwenye lori. Shangazi alikuwa na kisukari, na amepita miaka sitini. Nilikuwa nimemfungia jikoni, mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

Siku moja mchana akaja. Barakoa ameivaa vizuri, mikono ameinua kidogo kama mtu anayeonyesha hana silaha. Akasimama mbali, upande ule wa mtaro.

"Hodi hapa, binti. Chakula kipo?"

Maharagwe yalikuwa jikoni yanachemka. Harufu ilikuwa imejaa barabara nzima.

"Kimeisha," nikasema.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Haya. Msalimie mama," akaondoka.

Shangazi alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mabati. Nilidhani atanishukuru. Alitoka, akachota ugali na maharagwe kwenye bakuli la plastiki, akalifunga kwa karatasi mbili, akaniambia nimfuate nikaliweke juu ya jiwe, nirudi nyuma, aje achukue. Nilitembea msururu wote hadi pale lilipokuwa lori lake asubuhi. Foleni ilikuwa imesonga. Sikumpata.

Usiku shangazi aliniambia maneno machache tu: "Sikatai kwamba unaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini kwa nini ulimwambia kimeisha?"

Miaka imepita nami nimejaribu kujitetea mara nyingi. Utetezi bora nimeupata kwa Immanuel Kant, mwanafalsafa ambaye, kwa bahati, hakupenda kula peke yake na aliamini mwanafalsafa asiye na wa kula naye anajidhuru. Katika andiko lake la 1795 juu ya amani ya kudumu alitofautisha haki mbili. Mtu anayefika nchi ya wengine ana haki ya kuzuru: asitendewe kama adui eti kwa sababu amefika. Lakini hana haki ya kudai apokewe kama mgeni wa nyumbani. Mwenyeji anaweza kumkatalia, mradi kumkatalia huko hakumwangamizi.

Kwa sheria hiyo niko salama. Sikumtendea kama adui. Sikumrushia jiwe, kama wengine walivyotaka. Hakufa kwa njaa, kwani vibanda vilikuwepo mbele. Na kulikuwa na mgonjwa ndani ambaye maisha yake yalinihusu zaidi. Hakimu yeyote angeniachilia.

Basi mbona bado nasikia ile "haya" yake?

Nadhani ni kwa sababu Kant alikuwa akizungumzia mtu anayefika kwa mara ya kwanza. Dereva wetu hakuwa amefika. Alikuwepo miaka yote hiyo, anakula meza ya pembeni karibu na dirisha. Alianza kama kastoma na polepole, sahani kwa sahani, akawa mtu wetu, bila mtu yeyote kutangaza. Siku ile nilimrudisha mwanzo. "Chakula kimeisha" ni jibu unalompa kastoma. Kastoma haulizi zaidi, kwa sababu uhusiano wenu unaishia pale bidhaa inapoishia. Mtu wako humwambii hivyo. Mtu wako unamwambia, "Baba, shangazi ana sukari na mimi naogopa. Kaa hapo kwenye kivuli, nakuletea." Kosa langu halikuwa kumzuia mlangoni. Kosa langu lilikuwa kuificha hofu yangu nyuma ya lugha ya biashara, ili nisilazimike kumtazama usoni.

Hapa ndipo ile sheria kubwa ya babu ilipopata maana kwangu. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ivan Karp, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wateso wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha juu ya unywaji wao wa pombe. Ninachokichukua kwake ni kwamba chungu kina sura mbili: ni picha ya jinsi watu wanavyotamani kuishi, wote sawa kwenye duara moja, na ni mahali pa kuogopana pia, kwa sababu anayekaa karibu nawe kiasi cha kunywa nawe yuko karibu kiasi cha kukuwekea sumu. Ndiyo maana mwenye pombe hunywa kwanza. Wazee hawakujifanya kwamba hofu haipo. Waliiweka katikati, wakaipa adabu yake, na baada ya hapo wakaketi.

Sasa linganisha na ule mvinyo wa Westlands. Pale pia kuna mtu anayeonja kwanza, lakini ni anayelipa. Anaonja ili ahukumu: je, kitu hiki kinanistahili? Kwenye chungu anaonja anayetoa, ili adhamini: mkidhurika, nimedhurika nanyi. Vitendo viwili vinavyofanana kabisa kwa macho. Kimoja kinalinda haki ya mnunuzi, kingine kinamfunga mwenyeji.

Sitaki mnielewe vibaya, mkadhani nasema kijijini kuna utu na mjini kuna bili. Hiyo stori ni rahisi mno na si ya kweli. Ajon ya jirani yetu inauzwa. Mwanamke yule amesomesha watoto kwa chungu kile, na asingelipwa kisingekuwepo. Shangazi naye si shirika la misaada. Ana daftari la madeni, na jina lako likikaa humo mwezi mzima utaitwa kwa sauti mbele ya watu. Na chungu nacho kina wanaobaki nje: mkwe, mgomvi, yule ambaye hakuna aliyesema "ni wangu". Rafiki yangu naye, alipoifunika ile bili kwa kiganja, alifanya jambo la ukarimu mkubwa katikati ya biashara tupu. Kwa hiyo pesa haiui ugeni. Tunauua sisi, tunapoitumia pesa kama kibali cha kutodaiwa kitu kingine: nimelipa, tumemalizana. Au kwa upande wa muuzaji: sina bidhaa, tumemalizana. Weita aliyetuambia tujisikie nyumbani hakudanganya. Ila nyumbani ni mahali ambapo hatujawahi kumalizana.

Dereva alirudi. Ilikuwa 2022, nimekuja likizo, nipo nje napanga viti. Lori jingine, mvi zaidi, barakoa iko mfukoni. Akaketi meza yake ya pembeni kana kwamba alitoka jana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nilipomletea maji ya kunawa nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Siku ile chakula kilikuwepo," nikasema. "Niliogopa."

"Najua," akasema, akinawa. "Maharagwe yalikuwa yananukia mpaka kwenye lori." Akakung'uta mikono. "Hata mie nilikuwa naogopa, binti. Nilikuwa nawaogopa nyinyi."

Halikuwa limenijia hilo kamwe. Kwamba mtu aliyesimama ng'ambo ya mtaro na mikono ameinua alikuwa na hofu yake mwenyewe, ya mji mzima uliokuwa ukimwangalia hivyo. Nilitaka kusema kitu kingine, sikukipata. Akaagiza chapati mbili na maharagwe. Shangazi aliposikia sauti yake alitoka jikoni bila kiatu kimoja. Alikula, akalipa, akaenda. Pesa nilizihesabu mara mbili kuona kama ameacha zaidi. Zilikuwa kamili, na nilishukuru kwa hilo. Angeacha zaidi ningejua ananisamehe kama mtu wa mbali.

Turudi kwenye boma la Amagoro. Giza lilikuwa limeingia, taa ya sola imening'inizwa kwenye mwembe. Rafiki yangu alikuwa ameacha kuuliza nani alitumia mrija wake. Aliniambia polepole, "Nilikuwa na woga kidogo mwanzoni." Mzee wa kando akamsikia, akacheka: "Kila mtu huogopa. Ndiyo maana mama alikunywa kwanza."

Tulipoinuka kuondoka, rafiki yangu akatoa pochi, nami nikaufunika mkono wake kwa kiganja changu. Mwenye chungu akapokea pesa yangu, akaihesabu kwenye mwanga wa simu, akanirudishia shilingi ishirini. Kisha akamgeukia rafiki yangu na kumuuliza atarudi lini, akabaki amesimama pale, akisubiri jibu.